Jinsi ya Kuishi na Mbwa Asiyepatana na Chapati

Kabla hujamnyima mbwa wako chapati, mpe dawa ya minyoo.

Agizo hili linatangulia mengine yote kwa sababu mbwa wengi wa kwetu wanaoharisha, wanaokonda ilhali bakuli linarambwa mpaka linang'aa, wanaoburuza makalio uani mbele ya wageni, hawana ugomvi wowote na ngano. Wana minyoo ya safura, au minyoo ya mviringo, au tegu aliyeingia tumboni pamoja na kiroboto aliyemezwa. Anayejikuna karibu na shina la mkia ana viroboto mpaka ithibitike vinginevyo. Aliyezubaa, mwenye homa na fizi zilizopauka, huenda kupe wamemwachia ugonjwa wa damu, naye anahitaji daktari wa mifugo leo hii. Na mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu anaweza kuwa na pavo, maradhi yanayoua kwa siku chache. Mwenye kukaa anambadilishia unga wakati huo anachezea uhai wake.

Ukishawamaliza minyoo, viroboto na kupe, na daktari akishapima kinyesi, hapo ndipo tunaweza kuzungumza habari za ngano.

Ngano inasingiziwa mno

Mbwa akijamba sebuleni wakati wa taarifa ya habari, siku hizi hakosekani mtu wa kusema: "Huyo ni gluteni hiyo!" Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, na jamaa zake wa karibu wamo kwenye shayiri na rai. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Haina nia mbaya na mbwa, na mbwa walio wengi huimeng'enya bila shida.

Mbwa na nafaka wamejuana siku nyingi. Columella, Mroma aliyeandika vitabu vya kilimo katika karne ya 1, aliagiza mbwa wa shambani walishwe unga wa shayiri uliochanganywa na maji ya maziwa yaliyogandishwa. Katika miaka ya 1860 Mmarekani James Spratt alianza kuuza biskuti za mbwa jijini London, zenye ngano, mboga na nyama, na humo ndimo biashara nzima ya chakula cha mbwa cha viwandani ilimochipuka. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walilinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwamwitu. Waligundua kwamba mbwamwitu wana nakala 2 tu za jeni linalosaidia kuvunja wanga, ilhali mbwa wana kuanzia nakala 4 hadi 30. Wanga na gluteni ni vitu viwili tofauti, lakini mwili wa namna hiyo umeishi na makombo ya wakulima kwa vizazi vingi.

Na mzio wa chakula wenyewe? Mwaka 2016 Ralf Mueller, Thierry Olivry na Pascal Prélaud walikusanya taarifa za mbwa 297 waliothibitika kuwashwa ngozi kwa sababu ya chakula. Nyama ya ng'ombe ilitajwa kwa asilimia 34, maziwa 17, kuku 15, na ngano ikaja baada yao kwa asilimia 13. Kwa hiyo unapomwondolea mbwa mkate kisha ukamwongezea nyama ya ng'ombe ili kumliwaza, inawezekana kabisa umemfukuza mpangaji mtulivu na kumbakiza yule anayevunja vyombo.

Wale ambao ngano inawaumiza kweli

Wapo, na mateso yao ni ya kweli. Waliochunguzwa kwa muda mrefu kuliko wote ni Irish Setter, wale mbwa warefu wenye manyoya mekundu. Katika miaka ya 1980 Roger Batt na wenzake nchini Uingereza walieleza jinsi baadhi ya mbwa wa ukoo huu walivyokonda na kuharisha wangali wadogo. Vijidole vya ukuta wa utumbo mwembamba, vinavyofyonza chakula, vilikuwa vimefupika na kulala. Walipoondolewa ngano walipata nafuu, na waliporudishiwa, utumbo uliharibika tena. Utafiti wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kasoro hiyo hurithiwa kwa namna ya kujificha: mtoto huugua akiipokea kwa baba na kwa mama, na wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima wa afya. Anayefuga Irish Setter kwa ajili ya kuzalisha anapaswa kuuliza habari za ndugu na babu, asiridhike na uzuri wa wazazi walio mbele yake.

Wa pili ni Border Terrier, mbwa mdogo kutoka mpakani mwa Uingereza na Uskoti. Huyu anapopatwa, mara nyingi kinachoonekana kwanza ni miguu. Ghafla anakakamaa, anatetemeka, anashindwa kutembea, anainua mguu na kuuweka polepole kana kwamba ardhi ina moto. Lakini fahamu anazo. Ukimwita jina anakutazama, jambo ambalo humtofautisha na mwenye kifafa cha mwili mzima. Kwa muda mrefu wafugaji waliuita ugonjwa wa Spike, kwa jina la mbwa mmoja aliyeugua. Mwaka 2015 Mark Lowrie na wenzake walichapisha habari za Border Terrier 6 waliolishwa chakula kisicho na gluteni kwa miezi 9. Degedege zilipungua, na zile kingamwili zilizokuwa zimepanda kwa sababu ya ngano zilishuka. Mmoja tu alisuasua, na sababu yake naomba kila mwenye mbwa aikariri: alikuwa akila kinyesi cha farasi. Farasi hula nafaka, na mbwa alikuwa akijipatia mgawo wake kwa mlango wa nyuma.

Nampenda sana mbwa yule kwa somo alilotuachia. Watu walimpimia chakula chake kwa uangalifu wa maabara, naye akatoka nje akajihudumia.

Neno moja la tahadhari kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Mbwa wa kwetu anayetetemeka, kuyumba au kubadilika tabia ghafla, hoja ya kwanza ni kichaa cha mbwa au sumu. Usimshike kinywani, usimwinamie uso kwa uso, zuia watoto, mwite daktari. Habari za gluteni zitasubiri.

Nunua daftari

Dalili za mbwa asiyepatana na chakula hazina mhuri. Kuharisha kunakokuja na kuondoka, tumbo linalonguruma usiku, kutapika mara kwa mara, kukonda, masikio yanayonuka kila baada ya muda mfupi, kujiramba makucha mpaka manyoya meupe yanageuka rangi ya kutu: yote hayo yanaweza kutokana na ngano, kuku, chavua ya majani au vumbi la zulia. Macho hayatoshi. Inatakiwa kumbukumbu.

Kwa hiyo nunua daftari, lile la shule la kurasa 48 linatosha, na uliandikie kila siku. Alikula nini, saa ngapi, alienda choo mara ngapi, kilikuwa kigumu, laini au maji. Piga picha kinyesi. Ndiyo, kwa simu ileile yenye picha za harusi ya mdogo wako. Daktari atazihitaji picha hizi kuliko zile. Mbwa akikakamaa, mrekodi video kabla hujaita majirani, kwa sababu atakapofika kliniki atakuwa amesimama anatingisha mkia, mzima kama kigongo, na wewe utabaki unaeleza kwa mikono. Mpime uzito kila wiki: jipime umembeba, kisha jipime peke yako, utoe. Mbwa mkubwa asiyebebeka apelekwe kwenye mizani ya daktari.

Kaya nzima iingie kwenye jaribio

Njia ya uhakika ya kujua kama chakula ndicho kinachomsumbua ni kumlisha chakula cha majaribio. Unachagua aina moja ya nyama au samaki ambayo hajaizoea na aina moja ya wanga ambayo hajaizoea, kisha hali kitu kingine chochote isipokuwa maji. Kama amekulia makombo ya ng'ombe, dagaa na mkate, chaguo laweza kuwa sungura na viazi vitamu, au mbuzi na mtama. Mihogo nayo inafaa ikiwa imemenywa na kupikwa vizuri, maana mbichi ina sumu. Chumvi, vitunguu na viungo vikae mbali. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya mbwa. Vyakula viwili peke yake havimtoshelezi mbwa kwa maisha yote, hasa kwa madini ya chokaa, kwa hiyo mpango huu ni wa muda, na mtoto wa mbwa asianzishiwe bila daktari.

Muda wenyewe? Tumbo likiwa ndilo lenye tatizo, mara nyingi mabadiliko huonekana ndani ya wiki 2. Ngozi ni mvivu. Inahitaji wiki 8 kamili, na ifikapo hapo zaidi ya asilimia 90 ya mbwa wenye mzio wa chakula wa ngozi huwa wamepata nafuu. Wenye haraka huacha wiki ya tatu na kutangaza kwamba dawa imeshindikana.

Kupika si kazi. Kazi ni watu.

Bibi ndiye wa kwanza. Bibi anampenda mbwa, na upendo wake una umbo la kipande cha mkate kilichochovywa kwenye chai. Huwezi kumpiga marufuku Bibi nyumbani kwake. Nenda kwake asubuhi, mwamkie vizuri, umwambie: "Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuomba msaada wako. Daktari amesema mbwa wetu asipate ngano kwa miezi miwili, na wewe ndiye anayekusikiliza." Kisha mpe mikononi bakuli la vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa, ili mkono wake usikose cha kutoa. Bibi aliyepewa cheo hulinda kuliko polisi. Watoto wataanza kuripotiwa kwake, mmoja mmoja, kwa majina.

Watoto wadogo hawafundishiki katika jambo hili, na si kosa lao. Biskuti huanguka kwa sababu mikono ni midogo. Mbwa atolewe nje saa za kula na arudishwe baada ya sakafu kufagiliwa.

Kisha yuko mlinzi wa usiku. Familia nyingi humsahau, na hapo ndipo majaribio mengi hufia. Mzee wa ulinzi na mbwa ni wenzi wa zamu. Wanaonana saa ambazo nyote mmelala, na alfajiri chai ikiletwa na andazi, andazi hugawanywa kwa haki. Ni urafiki mzuri na sipendi uvunjwe. Mweleze mzee sababu, kwa heshima, wala usimfokee, na mwachie kila jioni kikopo cha chakula cha majaribio awe na cha kumgawia rafiki yake.

Zunguka uani pia. Chakula cha kuku na cha ng'ombe wa maziwa mara nyingi kina pumba za ngano, na mbwa anajua gunia liko wapi. Zizi ni hatari kwa sababu ileile iliyomponza yule Border Terrier. Pipa la takataka lifunikwe, na jirani anayerusha mabaki ukutani aombwe asubiri kidogo. Angalia dawa: vidonge vya minyoo na vya viroboto vilivyotiwa ladha ya nyama vinaweza kuvuruga jaribio, hivyo muulize daktari kama kuna visivyo na ladha. Kila kilichopenya kiandikwe daftarini, hata kama ni punje. Daftari linalosema uongo linamwadhibu mbwa.

Usinunue jibu la haraka

Huko Marekani na Ulaya kuna vipimo vinavyouzwa kwa njia ya posta: unatuma manyoya au mate ya mbwa, unaletewa orodha ndefu ya vyakula vya kuepuka. Watafiti walikijaribu kipimo cha namna hiyo kwa kutuma, pamoja na sampuli za mbwa halisi, manyoya bandia na maji ya chumvi. Majibu yalirudi hata kwa manyoya hayo ambayo hayakuwahi kuwa na mwenyewe, yakionyesha mizio kadha wa kadha. Pesa hiyo inatosha kununua viazi vitamu vya wiki nyingi. Kile kipimo cha kingamwili za gluteni kilichotumika kwa Border Terrier ni jambo jingine. Hicho ni cha damu, husomwa na daktari, tena kwa mbwa wenye dalili zinazojulikana.

Mrudishie, kwa moyo mgumu

Sehemu inayoniumiza kuiandika ni hii. Mbwa amepona, manyoya yanang'aa, kinyesi ni cha kupigiwa mfano, na sasa unatakiwa umpe tena ngano. Lazima. Bila hivyo hujui kama aliponywa na kukosa ngano, na kukosa kuku, au na ile dawa ya viroboto uliyompaka wiki ileile. Mpe tambi tupu zilizochemshwa, kidogo kila siku, pasipo kubadilisha kingine chochote. Dalili zikirudi, acha hapohapo na urudi kwenye chakula cha majaribio. Zikitulia tena umepata jibu. Wiki 2 zikipita kwa amani, ngano haina hatia, na unaanza kujaribu nyama ya ng'ombe, kisha kuku, kisha maziwa, kimoja kimoja.

Mbwa mwenye degedege, au aliyekuwa amedhoofika vibaya, asifanyiwe jaribio hili nyumbani kwa uamuzi wako mwenyewe. Kaa na daktari mwamue.

Maisha baada ya ngano

Jibu likiwa ni ngano kweli, mfugaji wa Dar es Salaam au Kisumu ana nafuu kubwa kuliko mwenzake wa London, ambako ngano imejipenyeza kwenye kila pakiti. Mahindi hayana gluteni ya kumdhuru mbwa huyu. Wali vivyo hivyo, mtama, uwele, ulezi, mihogo, viazi. Mbwa aliyelelewa kwa ugali na dagaa amekuwa akila chakula ambacho watu wengine hukinunua kwa bei ya kutisha, kikiwa na picha ya mbwa anayetabasamu juu ya mfuko. Ugali na dagaa peke yake havijakamilika, lakini ni msingi ambao daktari anaweza kukusaidia kuukamilisha.

Mahindi yenyewe yawe safi. Kuna kasumba ya kumwachia mbwa gunia lililoota ukungu kwa kuwa "ni la mbwa tu". Sumukuvu iliyomo humo huua ini la mbwa kama inavyoua la mtu. Mwaka 2004 ilichukua maisha ya watu 125 huko Ukambani nchini Kenya, na mwishoni mwa mwaka 2005 iliua mbwa wengi Marekani kupitia chakula cha viwandani. Mahindi usiyoweza kuyala wewe, mbwa naye asiyale.

Unaponunua cha dukani, soma orodha ya viungo mpaka mwisho. Ngano hujificha nyuma ya "nafaka", "mabaki ya viwanda vya unga" na pumba. Gluteni ya ngano huongezwa hata kwenye chakula cha kopo ili mchuzi uwe mzito. Mwaka 2007 mamilioni ya makopo na pakiti yaliondolewa sokoni Amerika ya Kaskazini baada ya gluteni iliyotoka China kukutwa imetiwa melamini, na mbwa na paka wakafa kwa kuharibika figo. Na usidanganywe na maandishi "bila nafaka". Bila nafaka maana yake hata wali umeondolewa, ambao haukuwa na kosa, na mahali pake mara nyingi huwekwa njegere na dengu kwa wingi. Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuchunguza kama vyakula vya aina hiyo vinahusiana na ugonjwa wa moyo kutanuka kwa mbwa. Uhusiano huo haujathibitishwa moja kwa moja, lakini sioni sababu ya kumwingiza mbwa kwenye shaka hiyo ilhali wali upo jikoni.

Sikukuu zinahitaji mipango yake. Siku ya Idi au Krismasi kila mgeni anataka kufanya wema, na mbwa huwasomea nyuso wote kuanzia mlangoni. Mfungie chumba cha nyuma akiwa na mfupa wa kuchezea usiovunjika, au mvalishe shingoni kitambaa chenye maandishi makubwa: NGANO HUNIUMIZA. Watu huheshimu maandishi.

Akiiba chapati iliyopikwa, usimtapishe wala usimpige. Andika saa, andika kiasi, mpe maji, mwangalie kwa siku kadhaa, na kama ni Border Terrier mwenye historia ya kukakamaa mpigie daktari simu mapema. Lakini akiiba kinyunya kibichi cha maandazi chenye hamira, usingoje dalili, awe ana tatizo la gluteni au hana. Kinyunya huendelea kuumuka tumboni kwa joto la mwili, tumbo likavimba, na hamira ikatengeneza pombe inayoingia kwenye damu. Mbwa huyo anapelekwa kwa daktari saa ileile, na mabaki ya kinyunya uyachukue kwenye mfuko, daktari aone ameiba kiasi gani.